Ukumbi Kama Sehemu ya Usemi: Maoni Kuhusu Utayarishaji wa Ukumbi kwa Mchezo wa Mtu Mmoja Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo aghalabu halipewi nafasi katika majarida ya taaluma ya Kiswahili, nalo ni utayarishaji wa ukumbi kabla ya onyesho. Jambo hilo huhesabiwa kuwa ni kazi ya mafundi: kupima jukwaa, kuvuta nyaya, kutundika taa, kupanga spika na viti. Msomi wa lugha na fasihi huingia ukumbini mambo hayo yakiwa yamekwisha, akakaa, akatazama, kisha akarudi ofisini kwake kuandika juu ya dhamira na wahusika. Mwandishi wa makala haya amefanya hivyo kwa miaka mingi, na hakuona kasoro yoyote katika mgawanyo huo wa kazi hadi siku alipojikuta amepewa yeye mwenyewe jukumu la kuagiza ukumbi utayarishwe.

Hoja yetu ni kwamba katika mchezo wa mtu mmoja unaozungushwa kutoka mji hadi mji, utayarishaji wa ukumbi ni suala la lugha kwa namna mbili. Kwanza, ukumbi usiotayarishwa humeza zile sehemu za usemi wa Kiswahili zinazobeba sarufi, yaani viambishi, na mchezo unaotegemea sauti ya mtu mmoja hauna kitu kingine cha kufidia hasara hiyo. Pili, kazi yenyewe ya kutayarisha huagizwa kwa maneno, katika waraka unaotangulia kabla ya mwigizaji kufika, na maneno hayo mara nyingi si ya Kiswahili, au ni ya Kiswahili ambacho fundi hakitumii. Mambo yote mawili yamo katika uwanja wetu. Kwa hiyo, hatuna sababu ya kuyaacha kwa watu wengine na kisha kuwalaumu.

Mifano tunaitoa katika pwani ya Kilwa na Lindi. Kumbi ambazo mwandishi anazifahamu katika pwani hiyo ni za mikutano, za shule na za arusi: kuta za saruji, dari ya bati au hapana dari kabisa, madirisha ya wavu, soketi mbili au tatu ukutani. Huko ndiko mchezo unaozunguka unakofikia, na huko ndiko unakoharibika.

2.0 Tukio lililozusha maoni haya

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi alifuatana na mwigizaji kijana aliyekuwa akizunguka miji ya kusini na mchezo wake wa mtu mmoja. Mchezo ulikuwa wa dakika takriban sabini. Mwigizaji alikuwa baba, mama, jirani na mtoto, bila kubadili maleba wala mandhari. Vitu vyake vyote vilikuwa kigoda, mkeka na kanga moja. Waraka wa mahitaji ya ukumbi ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa mchezo ulikwisha kuonyeshwa nje ya nchi. Mwandishi alijitolea kuutafsiri na kuutuma Kilwa Masoko wiki moja kabla ya safari.

Tafsiri hiyo ilikuwa ya Kiswahili sanifu, na mtafsiri aliionea fahari. Kifungu kimoja kilisema kwamba vitahitajika “vipaza sauti viwili karibu na hadhira”. Tulipofika tulikuta fundi ametekeleza agizo kikamilifu: maikrofoni mbili, kila moja juu ya mguu wake, zimesimama mbele ya safu ya kwanza ya viti, zimewaelekea watazamaji. Spika zilikuwa nyuma kabisa ya jukwaa, zikitazama ukuta wa pili wa ukumbi. Mwandishi alipouliza sababu, fundi alijibu kwa adabu: “Mwalimu, barua imesema vipaza sauti viwili karibu na watu. Nikadhani watu watauliza maswali.” Kosa halikuwa lake. Neno “kipaza sauti” katika matumizi yetu hutaja chombo kinachopokea sauti na pia chombo kinachoitoa. Yeye na wenzake wameondoa utata huo siku nyingi kwa kusema “maiki” na “spika”. Mtafsiri aliyaepuka maneno hayo kwa kuyaona ya mtaani.

Saa zilikuwa zimekwenda. Spika zilisogezwa kidogo tu kwa sababu nyaya hazikufika mbali, na onyesho likaanza. Katikati ya mchezo, mume anayeondoka nyumbani humwambia mkewe neno moja: “Sitarudi.” Sehemu ya watazamaji wa nyuma ilipiga makofi na vigelegele. Mwigizaji alishtuka, na baadaye alituambia kwa uchungu kwamba watu wa huku hawajazoea tamthilia. Lakini watu walipokuwa wakitoka, bibi mmoja aliyekuwa ameketi nyuma alimshika mwandishi mkono akamwuliza: “Mwanangu, mbona yule bwana alisema atarudi, kisha asirudi?”

Bibi huyo alikuwa ameufuata mchezo neno kwa neno. Alikuwa amesikia “Nitarudi”, na kwa mujibu wa alichosikia, makofi yalikuwa mahali pake na mwisho wa mchezo ulikuwa na kasoro. Sauti moja, konsonanti ya mwanzo, ilikuwa imepotea njiani baina ya jukwaa na safu ya nyuma, na pamoja nayo ikapotea maana ya mchezo mzima.

3.0 “Mahali” katika nadharia yetu

Haiwezekani kudai kwamba nadharia ya fasihi simulizi imepasahau mahali. Katika makala yake yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi alieleza kuwa fasihi simulizi hutokana na mwingiliano wa mambo sita: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Wanafunzi wetu wa shahada ya kwanza huyakariri mambo hayo. Hata hivyo, ukizisoma tasnifu zinazotumia mkabala huo, utaona kwamba fanani na hadhira hupewa sura nzima nzima, na mahali hupewa sentensi moja: “Onyesho lilifanyika katika ukumbi wa shule.” Ukumbi huo ulikuwa na mwangwi kiasi gani, fanani alisimama wapi, mwanga ulitoka upande gani, hatuambiwi. Ni sawa na mwanaisimu anayekusanya matini bila kueleza kama kinasa sauti chake kilikuwa kizima.

Upungufu huu unashangaza zaidi tunapokumbuka kwamba pwani tunayoizungumzia ndiyo iliyomlea mwandishi aliyeufikiria sana mchezo wa mtu mmoja katika Kiswahili. Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943, alitoa mwaka 1976 kitabu chenye tungo mbili, Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, ambamo mtambaji ndiye anayebeba masimulizi pamoja na sauti za wahusika. Tungo hizo zimehakikiwa kwa upande wa ishara, falsafa na uhusiano wake na hadithi za jadi. Swali la kawaida kabisa, yaani msikilizaji wa safu ya kumi na tano atayasikiaje maneno ya mtambaji huyo, halijashughulikiwa kwa uzito huohuo.

Mtambaji wa jadi alilijibu swali hilo kwa vitendo. Tumezoea kufundisha kwamba “Paukwa!” na “Pakawa!” ni fomyula ya kufungulia hadithi na ya kumtoa msikilizaji katika ulimwengu wa kawaida. Ni kweli. Lakini fomyula hiyo hufanya pia kazi nyingine ambayo hatuifundishi: humpima msikilizaji. Mtambaji anaposikia jibu hafifu kutoka upande mmoja, hujua kwamba upande huo haumsikii. Ataongeza sauti, atageuka, au atawaambia watu wasogee. Wapiga ngoma nao huiweka ngoma yao motoni ngozi ikaze kabla ya kuingia uwanjani. Utayarishaji wa mahali na vyombo, basi, haukuletwa kwetu na waya wa umeme. Ulikuwamo ndani ya sanaa yenyewe. Kilichobadilika ni kwamba mtambaji wa leo anafika saa chache kabla ya onyesho, katika nyumba asiyoijua, mbele ya watu mia mbili au tatu.

4.0 Viambishi na mwangwi

Tuyatazame sasa yaliyompata bibi wa Kilwa kwa jicho la isimu. Kiswahili huweka mzigo mkubwa wa sarufi mwanzoni mwa kitenzi. Linganisha:

(1) Nitarudi / Sitarudi
(2) Atakuja / Hatakuja
(3) Anamwita / Wanamwita / Unamwita
(4) Aliniambia / Alituambia / Alimwambia

Katika (1) ahadi na kukataa vinatenganishwa na sauti moja. Katika (2) ukanushi wote umebebwa na /h/, ambayo ni miongoni mwa sauti dhaifu kabisa tulizo nazo. Katika (3) na (4) ndipo tunapomjua mtenda na mtendwa. Mchezo wenye waigizaji watano unaweza kustahimili upotevu wa viambishi hivi, kwa sababu mtazamaji anaona kwa macho nani anamwita nani. Katika mchezo wa mtu mmoja anayeita na anayeitwa ni mwili uleule. Kiambishi ndicho mhusika.

Kuna mambo matatu yanayokifanya kiambishi hicho kiwe rahisi kupotea. La kwanza ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huwekwa, kwa kawaida, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho; kwa hiyo katika kitenzi kirefu kiambishi cha mwanzo huwa mbali na mkazo, nacho hutamkwa kwa nguvu ndogo. La pili ni aina ya sauti zenyewe. Vikwamizi kama /s/ na /f/ vina nguvu zake katika masafa ya juu, na vina nguvu ndogo kuliko irabu. Kelele kidogo, au spika iliyoelekezwa pembeni, hutosha kuviondoa. La tatu ni muundo wa silabi. Maneno yetu mengi huishia na irabu. Katika ukumbi wenye mwangwi irabu hiyo ya mwisho haikomi mwigizaji anapofunga kinywa. Huendelea kuvuma kutoka ukuta hadi ukuta, na mvumo wake huangukia juu ya konsonanti inayoanza neno linalofuata. Konsonanti hiyo ndiyo mara nyingi iliyobeba kiambishi cha nafsi au cha ukanushi.

Tarakimu chache zitasaidia. Sauti husafiri takriban meta 340 kwa sekunde. Ikiwa ukuta wa nyuma uko meta 20 kutoka jukwaani, sauti itakwenda meta 40 kabla ya kumrudia mwigizaji na watu wa mbele, yaani takriban sekunde 0.12, muda unaotosha kutamka silabi. Ukumbi wa mazungumzo hutakiwa kuwa na mvumo unaozimika katika muda wa sekunde moja hivi. Ukumbi wa saruji na bati, ukiwa mtupu, unaweza kuchukua mara mbili ya muda huo au zaidi.

Kutokana na maelezo haya tunaweza kueleza kwa nini tiba ya kawaida haiponyi. Watu wa nyuma wakilalamika kwamba hawasikii, fundi huongeza sauti. Sauti ikiongezwa, mwangwi nao huongezeka kwa kiasi kilekile, na konsonanti hubaki imefunikwa kama ilivyokuwa. Dawa ni kupunguza umbali baina ya spika na msikilizaji: spika ziletwe mbele ya jukwaa, zinyanyuliwe juu ya vichwa vya walioketi, zielekezwe kwa watu badala ya kuta, na ukumbi ukiwa mrefu, jozi ya pili iwekwe katikati. Maiki iwe karibu na kinywa. Ukuta wa nyuma ufunikwe kwa pazia zito lenye mikunjo, liachwe mbali kidogo na ukuta. Kanga moja iliyobandikwa ukutani hupendeza, lakini haizuii kitu. Isitoshe, miili ya watu hunyonya sauti. Kwa hiyo jaribio la sauti linalofanywa katika ukumbi mtupu humdanganya anayelifanya, na inafaa lirudiwe watu wakiwa wameketi. Paukwa, pakawa.

Ujuzi wa namna hii si mgeni katika pwani hii. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao pamoja na Songo Mnara uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, ni jengo la mawe ya matumbawe na chokaa, na sehemu yake iliyopanuliwa ilifunikwa kwa kuba na matao. Imamu husali akiwapa mgongo maamuma. Mihirabu iliyochimbwa ukutani mbele yake huipokea sauti yake na kuirudisha nyuma kwa wanaomfuata. Hapo mahali na matamko vinafanya kazi pamoja.

5.0 Mwanga, umeme na hali ya hewa

Huenda msomaji akakubali habari ya sauti na kuuliza mwanga unahusianaje na isimu. Unahusiana kwa sababu msikilizaji husikia pia kwa macho. Utafiti wa Sumby na Pollack wa mwaka 1954 ulionyesha kwamba katika kelele msikilizaji anayeuona uso wa msemaji huelewa maneno mengi zaidi kuliko asiyeuona. Na mwaka 1976 McGurk na MacDonald walionyesha kwamba midomo inayoonekana inaweza hata kubadili sauti inayosikika. Sauti za midomo kama /m/, /b/, /p/, /f/, /v/ na /w/ huonekana vizuri. “Anamwita” na “wanamwita” hutofautiana machoni kabla ya kutofautiana masikioni. Ni kweli kwamba /n/ na /s/ hazionekani kwa urahisi huo, na mwanga peke yake usingemwokoa bibi yetu. Lakini ungemsaidia katika mambo mengine mengi. Taa moja iliyoning'inia juu ya kichwa cha mwigizaji, kama inavyokuwa katika kumbi nyingi, hutia kivuli machoni na mdomoni. Taa mbili zinazotoka mbele, moja kila upande, kutoka juu kwa mshazari, huufanya uso usomeke.

Taa huhitaji umeme, na umeme huhitaji hesabu. Taa nne za zamani za wati 1,000 kila moja huchukua wati 4,000. Katika umeme wa volti 230 hizo ni ampea 17 na zaidi, wakati soketi ya kawaida ya ukutani imekadiriwa ampea 13. Anayeziunganisha zote katika soketi moja anaagiza giza au moto. Taa za kisasa za LED za wati 200 zikiwa nne huchukua ampea zisizofika 4, na kwa hiyo kumbi ndogo za wilayani zimepata nafuu kubwa. Hata hivyo, inafaa taa na spika zisichukue umeme katika njia moja, kwani vidhibiti vya taa huweza kutia mvumo katika sauti. Na jenereta, ambalo kila mwandalizi mwenye busara huwa nalo kwa kuwa umeme hukatika, liwekwe mbali, nyuma ya jengo, upande unaopeleka upepo nje. Jenereta lililowekwa chini ya dirisha huzimeza konsonanti zilezile tulizokuwa tukizihangaikia.

Penye onyesho la nje, upepo ni sehemu ya ukumbi. Mwigizaji aupe upepo mgongo ili umbebee sauti kwa watu; akiukabili, sauti yake hupinda kwenda juu na kuwapita. Usiku upepo wa pwani mara nyingi hugeuka, kwa hiyo jukwaa lililopangwa saa tisa alasiri linaweza kuwa limeelekea vibaya saa mbili usiku. Mvua juu ya bati haina tiba ya kiufundi. Tiba yake ni kalenda. Miezi ya masika haifai, na barabara nayo ina neno lake: mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi katika eneo la Kilwa. Mwisho, mwandalizi azingatie adhana. Onyesho linaloanzishwa baina ya magharibi na isha litakatizwa, tena kwa haki. Saa mbili na nusu usiku watu wamekwisha kusali, wamekula na wana nafasi ya kusikiliza.

6.0 Lugha ya waraka

Tunarudi kwenye waraka. Mwigizaji anayezunguka hawezi kutangulia mwili wake, hutanguliza karatasi. Karatasi hiyo ndiyo inayomwambia mtu asiyemjua afanye nini katika nyumba asiyoijua. Kwa hiyo ni matini ya kiutendaji kama cheti cha daktari, na kosa dogo ndani yake huwa na matokeo makubwa. Mathalani, “8:00” iliyoachwa bila maelezo husomwa na Mswahili kuwa saa nane, na ukumbi utafunguliwa mchana. “Kushoto” bila kusema kushoto kwa nani humfanya fundi, ambaye husimama akitazama jukwaa, aweke kila kitu kinyume.

Taasisi zetu zimefanya kazi kubwa ya istilahi. BAKITA iliundwa mwaka 1967. TUKI, ambayo tangu 2009 imo ndani ya TATAKI, ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka 1990. Katika uhakiki wa tamthilia tunayo maneno yaliyokwisha kukubalika: jukwaa, maleba, mandhari, onyesho, hadhira. Ukiyatazama maneno hayo utaona kwamba yanamhudumia mtu aliyeketi. Mtu aliyepanda ngazi akiwa na bisibisi mkononi ameachwa ajitafutie, naye amejitafutia: maiki, spika, miksa, waya wa ardhi, turubai. Maneno yake ni ya mkopo, lakini hayana utata, na hicho ndicho kipimo cha kwanza cha istilahi.

Tunapendekeza hatua mbili. Ya kwanza ni kuyapokea maneno ya mafundi pale yanapotenganisha vitu ambavyo maneno yetu yanavichanganya. “Maiki” na “spika” yaingie katika waraka, na “kipaza sauti” libaki katika hotuba. Ya pili ni kutafuta ndani ya hazina ya lugha yenyewe pale mafundi wanapokosa neno. Katika pwani ya Kilwa hazina hiyo iko baharini. Bomba au boriti inayopandishwa ikiwa imebeba taa hufanya kazi ileile ya foromali inayobeba tanga; kamba inayoipandisha ni henza; gurudumu lake ni kapi. Utata wa kushoto na kulia nao mabaharia waliumaliza zamani kwa kuvitaja vitu kwa mujibu wa chombo, si kwa mujibu wa mtazamaji. Tukiuita upande wa jukwaa unaoelekea watu “omo”, na upande wa nyuma “tezi”, basi kulia ni kulia kwa aliyeelekea omo, na abiria akigeuka hakubadiliki kitu. Vijana wengi wa Kilwa waliotundika taa wamewahi pia kufunga tanga, au baba zao wamefunga.

Hatusemi kwamba maneno haya yapitishwe. Istilahi iliyotungwa mezani hufia mezani. Tunasema yapelekwe ukumbini, yajaribiwe na wanaofanya kazi, na yatakayokataliwa yaachwe.

7.0 Hoja za kupinga

Yumkini baadhi ya wasomaji watatoa hoja kwamba mchezo wa mtu mmoja hauhitaji mitambo. Kwamba uzuri wake uko katika uchache wa vitu. Watatutajia Peter Brook, aliyezunguka na kundi lake katika Afrika Kaskazini na Magharibi mwaka 1972 hadi 1973 wakicheza juu ya zulia lililotandikwa chini. Tunakubali kwamba uchache ni fadhila. Lakini zulia lile lilikuwa utayarishaji wa mahali: liliwaambia watu pa kuketi, likaweka mpaka wa mchezo, na likawaleta watazamaji karibu na kinywa cha mwigizaji. Aliyepunguza vyombo huwa ameongeza umuhimu wa mahali. Uwanja ulio chini ya mwembe, watu themanini wakiwa wamekaa nusu duara, unaweza kuwa ukumbi bora kuliko jengo la saruji. Na waraka mzuri unapaswa kumpa mwenyeji uhuru wa kuuchagua.

Wengine watasema kwamba gharama ni kubwa kwa miji ya aina hii. Sehemu kubwa ya tuliyoyataja haina gharama: kugeuza spika, kuhamisha taa, kupanga viti kwa nusu duara, kubadili saa. Tunakumbuka pia Kamĩrĩĩthũ nchini Kenya, ambako mwaka 1977 wanakijiji walijijengea wenyewe ukumbi wa wazi wa kuketi watu zaidi ya 2,000, hata serikali ikaona haja ya kuubomoa mwaka 1982. Watu wanapoelewa mahitaji ya mchezo kwa lugha yao, wana uwezo wa kuyatimiza.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo haitamkwi waziwazi. Ni ile ya mwigizaji wetu: kwamba watu wa kusini hawajazoea sanaa. Kauli hiyo mwandishi ameisikia kwa sura mbalimbali katika semina na katika ripoti za kazi za uwandani. Kabla ya kuiandika tena, mtafiti ajiulize kama hadhira aliyoitathmini ilipewa nafasi ya kusikia viambishi.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba ukumbi ni sehemu ya usemi, na kwamba katika Kiswahili ukumbi mbaya huanza kuharibu kwenye sarufi. Tunapendekeza mambo matatu kwa idara zetu. Mosi, kozi za sanaa za maonyesho na za fasihi simulizi ziwe na zoezi la kuandika waraka wa ukumbi, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ambacho fundi wa wilayani amekisoma na kukirudisha bila swali. Pili, tasnifu zinazochunguza maonyesho zieleze mahali kwa vipimo: ukubwa, kuta, mahali pa spika na taa, hadhira na umbali wake. Tatu, wanaisimu wa fonetiki waende katika kumbi hizo wakiwa na orodha za jozi za maneno kama (1) hadi (4), waketi safu ya nyuma, wahesabu wanayoyasikia. Ni utafiti wa gharama ndogo, na matokeo yake yatamfaa mwigizaji, mwalimu wa darasa lenye wanafunzi mia moja, hata hatibu.

Mwigizaji wetu alionyesha mchezo wake tena mjini Lindi siku tatu baadaye. Waraka ulikuwa umeandikwa upya usiku uleule Kilwa Masoko, fundi akitamka na mwandishi akiandika. Spika zilikuwa mbele, zimeinuliwa juu ya meza; ukuta wa nyuma ulikuwa umefunikwa kwa mapazia mazito ya ukumbi wa arusi. Mume aliposema “Sitarudi”, ukumbi ulinyamaza kimya.